Maji Yaliyochujwa

Mahabusu, Durban
13 Machi 2013

Dada yangu Goreth,

Kaa kwanza. Kama kuna kitu jikoni kiepue, maana nakujua, ukisoma hii umesimama utaunguza nyumba ya watu.

Ni mimi Eddy, mdogo wako. Simu yangu haipatikani kwa sababu polisi wameichukua. Walinikamata wiki iliyopita pale kwenye bustani ya mjini wanapolala vijana wa wunga, ule unga wanaouchanganya na bangi wakavuta. Utaniuliza nilifuata nini pale wakati kibanda changu cha kunyoa kiko Pinetown. Dada, nilikuwa napita tu. Kuna mtu akaniomba nimshikie kijifuko akanunue mkate, na kabla hajarudi, polisi hao. Kumbe ndani ya kijifuko iko vipakiti. Eish, nilichoka.

Mimi sivuti. Wewe ndiye uliyenilea, unanijua.

Siku za kwanza kule kituoni niliumwa sana, jasho, kutapika, mifupa inauma kama imetwangwa. Nesi akaniuliza nina nini, nikamwambia ni malaria, inanirudia tangu kambini. Akaandika malaria, akanipa panadol. Imeshapita, usijali.

Mama kule Bujumbura asijue, tafadhali. Na wewe usije huku. Langoni wanataka karatasi ya ukimbizi iliyo hai, na yako ilikufa Desemba, wakikushika na wewe tutakuwa tumefanya nini? Marie-Claire wa kwaya anakuja huku Jumapili na kikundi cha maombi. Anabeba barua bila maswali mengi. Jibu lako mpe yeye.

Usilie sana. Lia kidogo tu.

Mdogo wako,
Eddy


Cato Manor
22 Machi 2013

Eddy,

Nimelia sana, sikukuomba kipimo.

Eti ulimshikia mtu kijifuko! Mtoto wee, hata wale watoto wangu wa shule ya Jumapili wangekuja na uongo uliokomaa kuliko huo. Mimi nina macho, na mifuko ya suruali zako ninaifua mimi. Nilichokikuta humo hatutakizungumza, si leo wala kwenye karatasi. Lakini sawa. Hadithi yako hiyohiyo tutaishika, na mimi nitaishika mpaka mwisho. Ulikuwa unapita, ukaombwa, ukashika. Basi. Usiongeze neno wala usipunguze, na afisa wa pili mwambie vilevile ulivyomwambia wa kwanza.

Umesahau kambini Mtabila, kule Tanzania? Ulikuwa na miaka sita. Yule mzungu wa kutupeleka Kanada akakupa pipi, akakuuliza kwa upole kabisa, nani analala nyumbani kwenu? Ukasema, mama, papa, dada, na mjomba wa mabuti. Mabuti ya jeshi! Wakaona tunaficha mpiganaji, faili letu likafungwa palepale. Wenzetu wakapanda ndege, sisi tukabaki na pipi yako. Hakuna aliyekuchapa, mtoto hachapwi kwa kusema kweli. Ila tangu siku hiyo papa, Mungu amrehemu, akawa anatukalisha kila jioni, ameshika kalamu isiyo na wino, yeye ndiye afisa. Mlitoka nyumbani saa ngapi? Nani alikuwa nyuma? Anayekosea anarudia mwanzo. Serikali haipewi maji ya mtoni, alikuwa anasema, inapewa yaliyochujwa. Ndiyo maana hapa Durban walipotuweka vyumba viwili tofauti, mimi na wewe tulitoa neno moja, na karatasi tukapata.

Kwa hiyo tulia. Mama nimemwambia simu yako imeibwa. Ameilaani mikono ya huyo mwizi mpaka salio likaisha.

Kwaya wanakuombea. Tangu kinanda kiibwe kanisani Januari tunaimba kwa makofi tu, na Pasta Bizimana anasema sasa hata makofi yamepwaya bila wewe. Bado anakumbuka siku ya maombi ya kinanda, anasema kati yetu wote hakuna aliyekililia kama Eddy.

Kula. Hata kama hakina chumvi, kula.

Dada yako,
Goreth


Mahabusu
10 Aprili 2013

Dada Goreth,

Hii isome peke yako.

Nimepewa avoka wa serikali, wakili wa bure, kijana wa hapahapa Durban, anaitwa Mikaeel. Huyu si kama wengine, anakaa chini anasikiliza. Ameniambia kuna njia. Korti ikiridhika kwamba mtu ni mgonjwa wa wunga, si mfanyabiashara wa wunga, hakimu anaweza kumpeleka kwenye nyumba ya matibabu badala ya jela. Unalala huko, wanakusaidia mwili uusahau, wanakufundisha kuishi upya. Kila baada ya muda unarudi mbele ya hakimu, unapimwa, anaona kama unaendelea. Ukishikilia mpaka mwisho hufungwi. Ukianguka unafungwa. Dada, sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nizaliwe.

Lakini lazima waamini kwamba naumwa. Atakuja nyumbani mama mmoja wa ustawi wa jamii, anaitwa Rizwana, kuiuliza familia. Anachoandika yeye ndicho hakimu anachosoma. Kwa hiyo mwambie. Na ili umwambie yeye, lazima nikwambie wewe kwanza, na hapa mkono unakataa.

Navuta. Mwaka wa pili sasa. Bertrand, yule niliyekuwa nanyoa naye Pinetown, alinionjesha siku lile jino liliponitesa. Nililala kama mtoto mchanga, na kesho yake jino halikuuma lakini nilirudi kwa Bertrand. Mashine yangu ya kunyolea haikuharibika, niliiuza. Pasi yako, redio, yale masufuria uliyogombana na Sesilia kwamba hajarudisha, ni mimi. Sesilia wa watu alirudisha. Vile vipakiti nilikuwa nambebea mtu ili jioni anipe kimoja changu.

Na kinanda cha kanisa, dada. Ni mimi. Ufunguo nilikuwa nao, lakini nilivunja dirisha la nyuma ili mdhani ni wezi wa mtaani. Kwenye maombi nililia kuliko wote, na sikuwa naigiza.

Ile haikuwa malaria. Ni mwili ulikuwa unadai wunga. Hata nesi nilimchujia, unaona papa alivyotufundisha vizuri? Sasa Mikaeel amefungua faili langu lote akitafuta mahali palipoandikwa kwamba nina ugonjwa huu, hakuna, iko malaria tu. Na kupimwa leo hakusaidii, mwili umeshajisafisha wenyewe humu ndani. Ulimi wako ndio uliobaki. Mama husema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio nimeanza kukisikia. Mwambie Rizwana kila kitu, hata kinanda, hata Pasta akiwa amekaa hapo.

Mdogo wako,
Eddy


Cato Manor
12 Aprili 2013

Eddy wangu,

Imba haleluya hukohuko uliko. Tumeshinda!

Jumatatu alinipigia simu mama mmoja wa serikali, Rizwana, akasema Alhamisi anakuja kuiona familia yako. Nikamwambia karibu sana, nikakata simu, nikaanza kazi. Jumanne na Jumatano jioni niliwaita kwaya nzima hapa nyumbani, nikawakalisha mkekani, nikashika kalamu. Mimi ndiye papa. Eddy ni mtu gani? Kijana wa Mungu. Anavuta? Hajawahi. Anachelewa kurudi? Hapana, anarudi na teksi ya saa kumi na mbili pamoja na wafanyakazi wenzake. Vitu vimewahi kupotea nyumbani? Hata kijiko. Marie-Claire alikuwa anachekacheka, nikamrudisha mwanzo mpaka akanyooka. Nikaazima mapazia kwa Aurélie, vikombe kwa Sesilia, ingawa bado nina kinyongo naye cha masufuria yangu. Nikakanda mandazi.

Akaja jana. Mwislamu wa Chatsworth, ametulia, kitambaa kichwani. Wazee wake wa zamani waliletwa huku kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na yeye amebakiwa na maneno mawili matatu ya Kiswahili. Alituambia "hamjambo" na kwaya wakaitikia kama wako kanisani. Ana macho huyo mama! Aliona pale kabatini redio ilipokuwa inakaa, vumbi limeacha alama, akauliza iko wapi. Nikamwambia iko kwa fundi. Aliwauliza mmoja mmoja, wengine akawatoa mpaka uani, na wote, Eddy, wote walitoa neno moja. Pasta alifikia kutoa machozi, na yale hatukuyafanyia mazoezi.

Mwisho akaniweka peke yangu jikoni. Akasema, mama, ukiniambia anavuta si vibaya, inaweza kumsaidia. Nilicheka moyoni! Mtego wa kitoto kabisa. Yule wa Kanada naye alianza hivyohivyo kwa upole, akatoa na pipi. Nikamkazia macho, nikamwambia, mdogo wangu hajawahi kugusa kitu hicho. Akauliza tena, sauti ya chini. Nikamjibu vilevile, neno kwa neno. Akafunga kalamu yake akaaga. Hata andazi lake hakumaliza.

Umetakata, mdogo wangu. Papa angekuwepo angenipa kiti chake. Sasa subiri tu siku ya korti, na kwaya wote wanakuja na sare zao, nimeshapanga.

Dada yako anayejivuna leo,
Goreth


Mahabusu
14 Aprili 2013

Dada,

Marie-Claire amenipa yako na papohapo akachukua yangu ya Jumatano. Utaikuta kwenye begi lake. Nimeisoma yako hapahapa, watu wa maombi wanaimba wimbo wa kufunga, nimemwomba asubiri. Naandika nyuma ya karatasi ya nyimbo.

Haukuwa mtego.

Kama sivuti, basi vile vipakiti vilikuwa vya kuuza. Unaelewa? Mtu safi mwenye vipakiti mfukoni huyo ni mfanyabiashara. Mmenisafisha mpaka nimekuwa muuzaji.

Sikulaumu, ni mimi niliyekuandikia kwamba sivuti, na wewe ukashika hadithi yangu kama ulivyoahidi. Lakini rudi kwa yule mama kesho asubuhi. Nakuomba kwa jina la papa. Rudi.

Eddy


Cato Manor
27 Aprili 2013

Eddy,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Niliposoma habari ya kinanda nilitaka kwanza nikupige, halafu ndipo nikuonee huruma. Bado nataka vyote viwili. Na Sesilia nimekwenda kumwomba radhi ya masufuria, hajui kwa nini nililia vile, akadhani nina homa.

Kwa Rizwana nilikwenda. Kesho yake ile uliyosema sikwenda, nisikudanganye. Ile ni ofisi ya serikali, iko na askari mlangoni, na mimi karatasi yangu ni maiti. Nilifika mpaka ng'ambo ya barabara nikarudi. Nilikwenda Ijumaa, nikampita yule askari nimemshika mkono mama mmoja wa Kizulu ambaye simjui, nikajifanya nimemsindikiza.

Nilimwambia Rizwana yote. Pasi, masufuria, Bertrand, dirisha la kanisa, malaria. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, mama, Durban hatuna malaria, lakini aliyeandika hakuuliza zaidi. Halafu akaniangalia. Akasema, sasa niandike ipi? Ile niliyopewa na kanisa zima, au hii ya leo, ya mtu ambaye ameshaambiwa kwamba matibabu ni bora kuliko jela? Hakusema kwa ubaya, Eddy. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeomba nimsaidie. Na mimi ni yuleyule aliyemkazia macho jikoni. Nilimwona akinitafuta usoni, ajue lini nasema kweli, na mimi mwenyewe sikujua nimwonyeshe uso gani.

Ripoti ilikuwa imeshakwenda kortini. Ataongeza ukurasa mmoja. Lakini anasema hakimu atataka kunisikia mimi, na ingesaidia sana Pasta naye aseme kwamba kinanda kilipotea kweli, na nani alikuwa na ufunguo wa kanisa.

Hapo ndipo ninaposhindwa. Juzi nilikwenda kwa Pasta nimejikaza kabisa. Nikakuta kwaya wanachanga kununua kinanda kingine. Marie-Claire akanisogezea kikapu, anatabasamu, akasema Eddy akitoka atakikuta kipya. Nikatoa nilichokuwa nacho, nikarudi nyumbani sijasema.

Nitasema kesho baada ya ibada. Niombee, kama wewe bado unaomba.

Goreth


Mahabusu
8 Mei 2013

Dada,

Jumapili Marie-Claire alinikumbatia, akaniambia kwaya wote wanakuja na sare. Kwa hiyo najua hujawaambia. Basi, haidhuru. Utasema hukohuko.

Korti ni Jumanne. Mikaeel atakuita. Nakuomba usijipange. Usikae mbele ya kioo usiku wa kuamkia. Sema kama unavyonigombeza mimi nyumbani, unaruka huku na kule, unarudi nyuma, unapiga meza, hapo ndipo mtu anakuamini. Na usiwaangalie kwaya.

Nimeota niko kwenye ile nyumba ya matibabu. Nilikuwa naanika mashuka, jua linawaka. Ndoto yote ndiyo hiyo, hakuna zaidi, lakini niliamka sitaki kufungua macho.

Eddy


Cato Manor
19 Mei 2013

Eddy,

Wewe ulikuwa umetupa mgongo, unamwangalia hakimu. Acha nikwambie ambayo hukuyaona.

Kwaya walijaa viti vyote vya nyuma na sare zao za njano. Walikuja kunisaidia kusema ulivyo mtu safi. Nilikuwa nimepata kila siku ya mwezi mzima kuwaambia, na sikuwaambia.

Nilipoitwa nilitaka kusema kama ulivyonifundisha, kama ninavyokugombeza. Nafungua mdomo, ikatoka sauti ya mkekani kwa papa. Imenyooka, kila neno mahali pake, mikono imetulia mapajani. Eddy, sijui kusimama mbele ya serikali kwa namna nyingine. Nilisema kweli tupu, na niliisema kama niliyeikariri. Nilimwona hakimu akinitazama, na nilikiona alichokiona. Nikajaribu kuharakisha, nikajaribu kulia. Ikawa mbaya zaidi.

Niliposema kinanda, Marie-Claire aliweka mkono mdomoni. Pasta alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Sesilia akasema "masufuria" kwa sauti, peke yake, mpaka askari akamwonya. Wao walinisadiki palepale. Wote. Hakimu peke yake ndiye hakunisadiki, na yeye ndiye tuliyekuwa tunamtaka.

Akamwuliza Pasta kama amewahi kukuona ukivuta, au umelewa wunga. Pasta akasimama. Ungemwambia wiki iliyopita kwamba ndiyo itakuokoa, angesema ndiyo, najua. Lakini siku hiyo alikuwa ameshachoka na uongo wetu, akasema kweli yake, hapana, sijawahi. Hakimu akasema kanisa zima lilitoa neno moja, leo dada anatoa lingine kwa sababu amejua lipi lina faida. Miaka mitatu. Alisema kama mtu anayesoma bei dukani.

Walipokutoa nilikuita jina. Hukugeuka. Labda hukusikia.

Nje hakuna aliyenisalimu. Marie-Claire amesema hatabeba barua tena, kwa hiyo hii inakwenda kwa posta na sijui itafika lini. Kinanda kipya wamekifunga kwa mnyororo. Mama nimemwambia umepata kazi Cape Town. Amemshukuru Mungu, anauliza huko kuna baridi na una sweta.

Mimi ndiye niliyekufunga, mdogo wangu. Nasema bila kuchuja. Nilikufunga kwa mikono yangu, na mandazi nikakanda.

Goreth


Jacobs
2 Februari 2014

Eddy,

Nakuandikia tena ingawa hujajibu hata moja. Labda posta wanazila.

Cato Manor nimehama. Kila nikipita njia ya kanisa watu walikuwa wanashusha sauti, na mimi si mtu wa kushushiwa sauti, unanijua. Sasa nakaa Jacobs, nafunga maboksi kiwandani, anwani iko nyuma ya bahasha. Karatasi yangu imefufuka tangu Agosti, bado kidogo nimpigie magoti yule kijana aliyegonga mhuri. Kitu cha kwanza nilichofanya nayo ni kuja langoni kwako. Nilikuja, nikarudi tena mwezi uliofuata. Wakaniambia mfungwa hataki kuonana na mtu. Nikawaachia sabuni.

Mwezi uliopita nilimkuta Bertrand pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, anaomba kwenye magari. Nilitaka kumkaba shingo, lakini hakuna shingo ya kukaba, amebaki mifupa. Anasema alikuwa humo ndani nawe, chumba kimoja. Anasema wunga unapatikana humo kuliko mtaani. Anasema unawafulia watu nguo upate cha kuvuta, na ukikosa unalala chini unatapika, umekonda kumshinda yeye. Nikamwambia mwongo mkubwa wewe. Akacheka, akasema, dada Goreth, mimi sasa sina cha kudanganyia.

Sikuandikii kukugombeza. Nilikwenda kwa Rizwana, bado ananipokea yule mama, Mungu amlipe. Anasema mlango haujafungwa wote. Mfungwa akiandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba anavuta na anataka kutibiwa, yeye atalibeba hilo neno mpaka kwa wakubwa, na linaweza, sikiliza, linaweza kufanya umalizie kifungo chako kwenye nyumba ya matibabu. Hakuahidi. Lakini alinishika mkono akasema, safari hii aandike yeye, si wewe.

Mashuka, Eddy. Unakumbuka ulivyoniandikia, unaanika mashuka na jua linawaka?

Niandikie. Nusu ukurasa unatosha. Usinichujie. Nipe ya mtoni na matope yake, na vyura wake, nitayanywa yote.

Dada yako,
Goreth


Jela, Durban
2 Machi 2014

Dada Goreth,

Pole na kazi ya maboksi. Asante kwa sabuni. Barua zako zote zimefika, posta wa watu hawana kosa.

Nimefikiri sana juu ya ombi lako. Mara mbili katika maisha yangu nimempa mtu wa serikali maji ya mtoni. Ya kwanza tukakosa Kanada. Ya pili nikapata miaka mitatu. Papa aliona mbali, sisi ndio tulidhani tumekua. Kwa hiyo mpelekee Rizwana hii, nimeiandika kwa mkono wangu kama alivyotaka. Na mama unaweza kumsomea pia, mahali paliposema humu ndani useme Cape Town.

Naitwa Eddy. Nina afya njema. Nakula mara tatu kwa siku na chakula kina chumvi. Naimba kwenye kwaya ya humu, sauti ya pili. Sivuti. Sijawahi kuvuta. Humu ndani kitu hicho hakipo, na Bertrand simjui, atakuwa amenifananisha na mtu. Matibabu sihitaji kwa sababu siumwi.

Usije tena langoni, wananiita nikiwa kazini.

Kama una chochote nitumie cha dawa, dada, na kama inawezekana iwe wiki hii. Nisamehe na mwandiko. Tangu jana mkono unatetemeka, jasho linadondokea karatasi, tumbo halishiki kitu, na mifupa imenirudia kama kule kituoni. Usishtuke. Ni malaria tu.

Mdogo wako,
Eddy